Jumamosi Chini ya Maji

Siku mzee alipoingia dukani kwangu na furushi jeusi kwapani, nilidhani ameniletea koti la mvua. Mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo. Nashona sare za shule, magauni ya harusi, suruali zilizotoboka magoti, hata viti vya pikipiki vikiletwa sivikatai. Mzee aliweka furushi juu ya meza akalikunjua. Lilikuwa vazi zima la mpira mzito, lina mikono na miguu, limepasuka chini ya kwapa na kwenye goti moja.

"Maman, unaweza shona hii?"

"Iko nguo ya nini?"

"Ya kuingia nayo chini ya maji. Tuko na club pale Cyangugu. Tunafundisha bantu kupiga mbizi, kila samedi."

Nikacheka. "Na muntu anaendaka kutafuta nini kule chini?"

"Siku ingine motere ya mutumbwi yenye ilianguka. Siku ingine muntu."

Alilisema neno la mwisho kwa sauti ileile aliyosemea motere, na mimi nikaacha kucheka.

Kazi ile ilinichukua siku tatu. Mpira haushonwi kama kitambaa. Ukichoma sindano ikapita upande wa pili, umefungua njia ya maji. Ilibidi nitie gundi kwanza, ningoje ikauke, kisha nishone juujuu tu bila kutoboa. Mzee aliporudi aliligeuza vazi ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kuya samedi," akasema. "Uone vile inatumika."

"Apana, Mzee. Mimi naogopa maji."

"Juu ya nini?"

Watu wengi nilikuwa nimewaambia kwamba naogopa maji. Walicheka, au walisema hata wao wanaogopa. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu. Nikajikuta namweleza mgeni yule jambo ambalo hata mume wangu nilimsimulia nusunusu.

Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani. Nilipokuwa na miaka tisa bomba la mtaa wetu lilikauka, tukawa tunatumwa ziwani na madumu. Ufuko wa Kivu unadanganya. Hatua ya kwanza maji yanafika kwenye vifundo, ya pili magotini, ya tatu hakuna chini. Mimi nilipiga ile ya tatu. Sikumbuki kelele yoyote. Nakumbuka ukimya, rangi ya kijani, na dumu likinivuta mkono kwa sababu sikujua kwamba naweza kuliachia. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo alinidaka kwa nywele. Nilikuwa nimesukwa siku hiyohiyo, na maumivu ya nywele yale ndiyo kitu cha kwanza nilichokisikia nilipotoka. Tangu hapo sikuwahi kujimwagia maji usoni. Uso wangu naufuta kwa kitambaa kilicholowa. Na tunapovuka kwenda kisiwa cha Nkombo kwa wakwe zangu, najifunika kitenge kichwani tangu mtumbwi unapoondoka hadi unapofika, na mume wangu anawaambia abiria kwamba mkewe ni mgonjwa.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia yake. Yeye pia ni wa kwetu, amekulia Kongo, ila upande wa Kalemie. Alifanya kazi miaka mingi bandarini, chini ya meli, akisafisha mapanga ya injini na kuunga vyuma majini. Aliporudi Rwanda uzeeni akaona watu wanazama na hakuna anayeweza kuwafuata.

"Kuya kuona tu," akasema. "Hakuna mwenye atakugusa."

Nilikwenda. Mahali penyewe ni kihori kidogo, pale ziwa linapoingia nchi kavu, chini ya mji wa zamani wa Cyangugu, ukisimama pale unaziona nyumba za Bukavu ng'ambo zimepandana hadi kileleni. Kulikuwa na kibanda cha mabati, ndani yake kompresa ya kujazia mitungi hewa, ikinguruma kama pikipiki mbovu. Watu wa club walikuwa sita, na wote walifanya kazi ile bila malipo. Mbali na Mzee, wawili ndio nitakaowasimulia. Mmoja ni nesi, mama wa makamo kutoka Mibirizi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, tukimwita Maman Infirmière. Mwingine ni mwalimu wa fizikia aliyevuka mpaka kutoka Bukavu kila Jumamosi na begi la vitabu mgongoni. Huyo tulimwita Prof.

Siku hiyo Prof aliomba glavu ya hospitali kwa nesi, akashuka nayo kwa kamba hadi mita kumi. Kule chini aliijaza hewa kutoka kwenye mtungi wake, akaifunga fundo, akaiachia. Sisi tulikuwa juu ya mtumbwi uliofungwa karibu na ufuko. Mimi nilikuwa nimeukumbatia ubao kwa mikono miwili. Tukaona kitu cheupe kinapanda. Kilitoka majini kikiwa mkono ulionona, vidole vitano vimevimba, na palepale kikapasuka kwa mlio.

Prof alipoibuka akasema, "Hayo njo mapafu yako, kama unafunga pumuzi na unapanda mbio. Hewa inavimba, inakosa kwa kutokea. Chini ya maji muntu hafungake pumuzi hata mara moja. Na hapandake mbio, hata akiogopa namna gani."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba sitakanyaga tena pale.

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, nikajiambia nimepeleka vazi lingine la kushona. Wiki ya tatu ilikuja familia moja. Kijana wao mkubwa alikuwa ameanguka kutoka kwenye mtumbwi jana yake. Mzee na Prof waliingia majini asubuhi, na kabla ya saa sita walimpata. Sikutazama walipomtoa. Nilitazama pale mama yake alipokaa kwenye mawe, akamshika miguu, akaanza kuiosha mchanga taratibu, kidole kwa kidole. Bukavu, nilipokuwa mtoto, nilikuwa nimeona familia zinakaa ufukoni siku tatu, nne, zikingoja ziwa liamue lenyewe. Nikawaza kwamba kama mama yule mfuaji asingenidaka, mama yangu angekaa hivyo.

Sikuamua siku ile kwa ushujaa. Nilimfuata tu Maman Infirmière alipokuwa akifungasha vitu nikamuuliza, "Muntu mwenye hajue kuogelea, anaanza na nini?"

Akanitazama juu hadi chini. "Uko na bassin ku nyumba?"

"Iko."

"Jaza maji. Tia uso ndani. Hesabu mupaka kumi. Kila siku. Kama umeweza, njo ukuye."

Beseni lile lilinitesa wiki mbili. Siku ya kwanza nilifika mbili, nikainuka nikikohoa. Mume wangu, ambaye anaendesha lori la saruji kutoka Muganza na hakai nyumbani sana, alirudi akanikuta nimepiga magoti jikoni nikiwa na uso ndani ya maji.

"Unatafuta nini kwa ile bassin?"

"Kumi," nikamjibu. Nilikuwa nimefika saba.

Alipofahamu habari yenyewe hakunikataza. Wanawake wa sokoni ndio walionikataza. Mmoja aliniambia ziwa hili lina gesi chini, nitaivuta nife nikiwa nacheka. Nilimpelekea Prof maneno hayo. Akasema gesi ipo kweli, lakini iko mbali sana chini, na sisi hatutafika hata sehemu ndogo ya njia. Maneno yake yalikuwa ya kunituliza, ila mimi nilibaki nayo kichwani kinyume: kwamba chini ya miguu yangu kuna mahali ambapo hata hawa hawafiki.

Maman Infirmière alinifundisha kuogelea palepale kihorini, mkono wake chini ya tumbo langu kama mtu anayepima mkate kama umeiva. Ilichukua miezi miwili. Kuelea juu ya maji nikaweza. Lakini kuelea si kushuka.

Siku ya kupumua chini ya maji mara ya kwanza, tulipiga magoti mimi na Mzee mahali ambapo maji yanafika mabegani. Nilikuwa nimevaa moja ya yale mavazi niliyoyashona. Mgongoni mtungi, kiunoni mkanda wa vipande vya madini ya risasi vya kunizamisha, usoni maski, mdomoni kile kipande cha mpira kinacholeta hewa. "Inama tu," Mzee akasema. "Pumua kama kawaida."

Niliinama. Maji yakafunika maski. Na kifua changu kikakataa. Sikuwa nimefunga pumzi kwa kusudi. Ni kwamba mwili wote ulijua tangu nikiwa na miaka tisa kwamba ukiwa na maji juu ya kichwa hupumui, na haukuwa tayari kuamini habari nyingine. Nikahesabu kumi yangu ya beseni. Nikafika kumi na tano. Kisha pafu likajivuta lenyewe, kwa nguvu, na kilichoingia kilikuwa hewa. Kavu, baridi, yenye ladha ya mpira. Nikavuta tena. Sauti yake ilikuwa kama mtu mwingine anapumua sikioni mwangu.

Mzee akaniuliza kwa ishara kama niko sawa. Nikamwinulia dole gumba. Palepale akanishika mkono akanisimamisha.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu! Nimesema niko bien!"

"Maman, dole gumba juu ni kusema *tupande*. Kama uko bien, unafanya hivi," akaunganisha kidole na gumba kuwa duara. "Nimekufundisha mara tatu."

Watu wa ufukoni walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na baadaye nyuma ya kibanda nikatapika chai yote ya asubuhi.

Huo ndio ukawa mwendo wangu. Ijumaa usiku sili. Nashuka, napumua, napanda, natapika, natangaza moyoni kwamba ni mara ya mwisho. Sijui kueleza kwa nini nilirudi. Wengine waliokuja baada yangu waliogopa siku mbili kisha wakaanza kufurahia, wakawa wanasimulia samaki na kaa waliowaona. Mimi samaki sikuwaona. Nilikuwa natazama saa ya hewa, ile sindano inayoonyesha mtungi umebaki na kiasi gani, na nilikuwa natazama mapezi ya mpira aliyovaa Mzee miguuni, mbele yangu.

Jumamosi moja alitaka nivue maski mita nne chini na kuivaa tena. Ni zoezi la kawaida, kila mwanafunzi hulifanya. Nilishika kamba, nikavua. Maji yakanigonga macho na pua, yale maji ya kijani yaleyale, na hapo sikuwa tena mwanamke mwenye duka Kamembe. Nilipiga teke nikaruka kwenda juu.

Mzee alinidaka kifundo cha mguu. Mimi nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, ndani ya kile kipande cha mpira, huku nikipanda naye akining'inia mguuni kama jiwe. Nilipotokeza, damu ilikuwa inanitoka puani.

Maman Infirmière alinisikiliza mapafu muda mrefu, sikio lake mgongoni mwangu. "Kelele njo imekuokoa," akasema hatimaye. "Ulitoa hewa yote. Kama ulifunga mudomo..." Hakumaliza. Mimi niliiona glavu.

Sikurudi wiki tisa. Nilishona sare za shule mwezi mzima, sikumtaja mtu yeyote wa club. Wala hawakunifuata, isipokuwa siku moja Mzee alipita akasimama mlangoni bila kuingia. "Sikuye kukuita," akasema. "Nimekuya kukusalimia." Akaniuliza hali ya mume na ya kazi, akaenda zake. Kama angenibembeleza, naamini nisingerudi.

Jumamosi ya kumi nilimkuta anajaza mitungi. Alikuwa amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limetoka, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Alifurahi mno kuniona. Akanishika mikono yote miwili, akaita wenzake. Tukafanya lile zoezi la maski, na safari hii nikaliweza. Tulipotoka kupumzika, sijui ni nini kilinipanda, nikasema mwenyewe, "Mzee, leo tushuke kwa kamba ndefu."

Kamba ndefu ilikuwa imefungwa boya juu na jiwe kubwa chini, mita kumi na tano, pale mteremko unapoanza kuingia gizani. Sikuwahi kupita nane. Mzee aliangalia pembeni, akavuta pua, akasema, "Bon. Leo njo leo."

Nesi na Prof walikaa kwenye mtumbwi juu yetu. Prof akarudia masharti kama kawaida yake: tunashuka pamoja, tunapanda pamoja, na tukifika mita tano tunasimama dakika tano nzima, kwa sababu ziwa letu liko juu milimani na mwili unahitaji muda wa kutoa hewa iliyoingia kwenye damu kule chini. "Dakika tano. Haiko discussion."

Tukashuka. Mkono wangu mmoja haukuachia kamba. Mita sita, nane, kumi. Kijani kikageuka kuwa rangi ya chupa, kisha rangi isiyo na jina. Mawe yakaisha, ukabaki mteremko wa tope laini unaokwenda chini na kuishia mahali ambapo jicho halifiki. Niliona Mzee anasimama mara kwa mara, anabana pua kupitia maski, kama sote tunavyofanya kufungua masikio. Alikuwa akibana sana. Sikufikiri lolote, nilikuwa na shughuli ya kutokufa.

Kwenye mita kumi na nne akaachia kamba.

Nilidhani ananionyesha kitu. Kisha nikaona anageuka taratibu upande, kama mtu anayejigeuza kitandani, na mkono wake unapapasa maji ukitafuta kamba mahali ambapo haipo. Kamba ilikuwa nyuma yake. Alinitazama, na macho yale niliyoyazoea yalikuwa yanacheza, yanakimbia upande mmoja na kurudi, kama ya mtoto aliyezungushwa. Akafanya ishara ya kiganja kinachoyumba: kuna kitu hakiko sawa. Kisha akaanza kupiga mapezi kwa nguvu. Kuelekea chini.

Sijui nilifanyaje. Najua tu kwamba mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba na mwingine umeshika mkanda wa jileti yake, ile fulana inayobeba mtungi, na nilikuwa nimenyooka katikati kama nguo inayokamuliwa na watu wawili. Alikuwa mzito. Alikuwa anaamini kwamba anapanda. Nilimvuta hadi maski yake ikagusana na yangu, nikamwekea kamba kiganjani, nikafunga vidole vyake juu ya kamba kwa vidole vyangu. Akatulia. Akafumba macho. Nikaona mashavu yake yakivimba, akatapika kupitia kile kipande cha mpira, kisha akavuta hewa, nami nikakishikilia mdomoni mwake kisitoke, kama Maman Infirmière alivyotufundisha.

Nikamwonyesha dole gumba. Hakuona; macho yalikuwa yamefumbwa. Basi nikaanza kupanda naye.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kukimbia kwenda juu. Juu palikuwa na mwanga, na nesi, na hewa ya bure. Miguu yangu ilikuwa inajua njia. Na nilikuwa nimeshika mtu ambaye, nikipanda naye mbio, yeye ambaye hajui hata kama anapumua au amefunga, nitampasua. Nikahamisha mkono kwenye kamba, shibri moja. Nikasubiri. Shibri nyingine. Nilimbonyeza tumbo kila mara nione mapovu yanatoka. Yalitoka.

Mita tano nikasimama, nikatazama saa ya mkononi.

Dakika tano hizo ndizo ndefu kuliko miaka niliyoishi. Niliuona mtumbwi juu yetu, kivuli chake cheusi, nikahisi naweza kuugusa. Saa yangu ya hewa ilikuwa inaelekea kwenye rangi nyekundu, kwa sababu nilikuwa navuta hewa kama mtu anayekimbizwa. Nikaangalia ya Mzee; yake ilikuwa imebaki zaidi kidogo. Nilifikiria kumaliza hewa yangu na kuomba ya kwake, na yeye hawezi hata kufungua macho. Nilifikiria mume wangu akiambiwa. Sikusali; baadaye mchungaji alinisifu kwa sala, nikanyamaza, lakini ukweli ni kwamba sikukumbuka. Nilikuwa nasema neno moja tu kichwani: *bado*. Bado. Bado. Mzee alikuwa amenishika bega, na vidole vyake vilikuwa vinaniumiza.

Dakika tano zilipotimia, nikavuta kamba mara tatu, ishara ya msaada niliyoikumbuka hapo tu, nikampandisha.

Walimtoa majini akiwa hawezi kukaa. Kila alipoinua kichwa alitapika. Damu kidogo ilitoka sikio la kushoto. Maman Infirmière alimlaza ubavu, akamwangalia macho, akamuuliza karibu na sikio zima, "Mzee, ulikuwa na mafua?"

Mzee akafumba macho.

"Mzee. Ulikuwa na mafua?"

"Kidogo," akasema.

Yule aliyetufundisha kila Jumamosi kwamba mwenye mafua haingii majini, kwa sababu masikio yamezibwa na hayawezi kusawazisha uzito wa maji. Yule aliyewahi kumrudisha kijana mmoja nyumbani kwa kupiga chafya mara mbili. Ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka mita kumi na nne chini, maji baridi yakaingia, na dunia yake ikapinduka.

Alilala nyumbani wiki nzima. Nilikwenda kumtembelea siku ya tatu. Alikuwa ubavuni, beseni karibu na kichwa, mkewe akitembea kwa vidole kana kwamba hata vishindo vingemzungusha.

"Ulijua uko na mafua," nikamwambia. Hata salamu sikuikamilisha vizuri.

"Nilijua."

"Na wewe njo unakatazaka bengine."

"Nilijua, Maman. Lakini ulikuwa umerudia. Nilisema, kama namurudisha leo, hatarudia tena."

Nilikasirika namna ambayo sikuwahi kumkasirikia mtu mzima. "Basi ungeniacha nisirudie!" nikasema kwa sauti, na mkewe akaingia kuona kuna nini. "Ulinipeleka kule chini na ulijua. Kama niliachia ile kamba? Kama nilikimbia vile nilikimbiaka ile siku ingine? Tungekuwa wawili."

Machozi yalitoka kwenye jicho la juu, yakapita kwenye pua, yakadondoka kwenye mto. "Unisamehe," akasema.

Chai ililetwa sikuinywa, na kwetu huko ni tusi. Nilitembea kwa miguu hadi Kamembe, mlima wote, nikiwa nalia kwa hasira, na katikati ya mlima nikagundua kwamba si hasira pekee. Ilikuwa hofu iliyochelewa, inanishukia sasa nikiwa nchi kavu, nikakaa kando ya barabara, malori yakipita.

Msamaha ulikuja polepole, sikumbuki ni lini. Labda ni siku nilipomkuta kihorini, amekaa karibu na kompresa, na nikamsemesha upande wa kushoto akawa hanisikii. Sikio lile halikurudi. Daktari amemkataza kushuka tena maisha yake yote. Sasa anajaza mitungi, anakagua mipira ya hewa, na kila mtu anayetaka kuingia majini lazima apite mbele yake. Akimwona mtu anavuta pua anamnyooshea kidole aondoke, na hakuna anayebishana naye.

Mimi nilirudi majini na Maman Infirmière mwezi mmoja baadaye. Mita sita tu, mkono kwenye kamba. Alikuwa mbele yangu, mkubwa na mtulivu, akinionyesha duara la vidole, nami nikimjibu. Nilitetemeka nikishuka, nikatetemeka nikipanda. Watu waliniambia kwamba baada ya yale yaliyonipata sitaogopa kitu tena. Nami nilitegemea hivyo. Haikuwa hivyo. Zamani niliogopa kitu nisichokijua; sasa nakijua, kina mita kumi na nne na dakika tano.

Hata hivyo naweza kushuka kumi na tano na kurudi. Nimefanya mara nyingi sasa. Wiki chache zilizopita Prof alinisubiri nimalize kuvua mtungi, akaniambia kwamba kwa kuwa Mzee hashuki tena, wanahitaji mtu wa pili wa kutafuta, familia zikija. Amewauliza wenzake, wote wamenitaja mimi.

"Unaweza kataa," akasema. "Hakuna mwenye atakusema."

Niliwaza miguu ya yule kijana, na mama aliyekuwa akiiosha. Niliwaza pia mteremko ule wa tope, na kunyoosha mkono gizani ukagusa kitu ambacho si jiwe.

"Ndiyo," nikamwambia. "Muniite."

Hawajaniita bado. Ziwa limekuwa jema majuma haya. Lakini simu yangu ikilia nikiwa dukani, naangalia kwanza kama ni jina la Prof, mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani, kabla sijanyoosha mkono kuipokea.